Wikendi kisiwani: Panga afya yako kabla ya kupanga mkoba

Na Daktari, Mayoni

Ijumaa moja jioni, mwezi wa Aprili, nilikuwa najiandaa kufunga kliniki yangu hapa Mayoni, kando ya barabara ya Mumias kwenda Bungoma, gari dogo lilipoingia uani kwa kasi. Mama mmoja alishuka akiwa amembeba mvulana wa miaka sita. Mtoto alikuwa akitetemeka mwili mzima, macho yamegeuka juu, na mwili wake ulikuwa moto kama jiko.

"Leo ni siku ya tatu ana homa, Daktari," mama alisema. "Tulimpa dawa ya maji ya kupunguza joto, na tembe mbili za malaria zilizokuwa zimebaki kwa shangazi yake."

Familia hii huishi Nairobi. Walikuwa wamekuja likizo kwa nyanya ya mtoto, na njiani walipitia kisiwa cha Rusinga kwenye Ziwa Victoria, wakalala huko siku mbili. Walikuwa wamepanga safari yao vizuri sana: nyumba ya wageni, nauli, kamera, nguo za kuogelea. Kitu ambacho hakikupangwa ni afya.

Kipimo cha damu kilionyesha malaria. Nilimdunga mtoto sindano ya artesunate, nikampa sukari, na usiku huo huo akapelekwa hospitali kubwa. Alilazwa siku nne na akapona. Iwapo aliumwa na mbu wa Rusinga au na mbu wetu wa hapa Mayoni, siwezi kujua, kwa maana huku kwetu pia malaria ipo. Ninalojua ni kwamba wazazi wale wangekuja siku ya kwanza ya homa, mtoto asingefikia kutetemeka.

Ndugu msomaji, siku hizi watu wengi wa mjini wanapenda kutoka mwisho wa wiki. Si wote wenye uwezo wa kwenda Lamu au Unguja, na wengi wamegundua kwamba visiwa vya ziwa letu viko karibu na ni vya bei nafuu. Mimi nawaunga mkono. Kupumzika ni dawa. Mtu anayefanya kazi juma baada ya juma bila kupumzika huniletea presha, usingizi uliopotea na maumivu ya kichwa yasiyoisha. Lakini wikendi ya siku mbili isikuletee ugonjwa wa miezi miwili. Hebu tupange safari hii pamoja.

KISIWA GANI, NA NJIA GANI?

Visiwa viwili vinavyotembelewa sana upande wetu ni Rusinga na Mfangano, vyote katika Kaunti ya Homa Bay. Rusinga imeungana na bara pale Mbita, kwa hivyo gari hufika hadi kisiwani. Hapo ndipo alipozikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na kaburi lake hutembelewa na wengi. Hapo pia ndipo Mary Leakey alipopata mwaka wa 1948 fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita.

Mfangano iko mbali zaidi. Kutoka Mbita ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa boti ya injini. Ina milima, michoro ya kale kwenye miamba pale Kwitone, na makumbusho ya jamii ya Abasuba. Anayependa kutembea kwa miguu ataipenda.

Anayetoka pande zetu za Mumias na Kakamega hupitia Kisumu, halafu Ndori, hadi Luanda Kotieno, na hapo huvuka kwa feri mpaka Mbita. Angalia usichanganye: kuna Luanda ya Vihiga, iliyo kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, na kuna Luanda Kotieno iliyo ziwani. Nimewahi kumsikia mtu akishushwa kwenye Luanda isiyo yake, na jua limezama.

Swali la kwanza la kiafya ni hili: nikiugua usiku, nitafika hospitali vipi? Ukiwa Rusinga, gari litakufikisha hospitali ya Mbita. Ukiwa Mfangano, usiku utategemea boti. Kwa sababu hiyo, mama mwenye mimba ya miezi minane, mzee mwenye ugonjwa wa moyo ambao haujatulia, au mtoto mwenye pumu inayombana mara kwa mara, ninamshauri achague Rusinga. Mfangano haitahama, ataikuta siku nyingine.

WIKI MOJA KABLA YA SAFARI

Mwone daktari wako mapema, usingoje asubuhi ya kuondoka. Mweleze unakwenda wapi na nani. Watu wafuatao wasisafiri bila kuzungumza na daktari:

Wenye ugonjwa wa selimundu. Uchovu, ukosefu wa maji mwilini na baridi ya ghafla huweza kuleta maumivu makali. Wanywe maji mengi, wasikae majini muda mrefu, na wasiache dawa zao za kila siku, ikiwemo ile ya kuzuia malaria.

Wenye kisukari. Kama unatumia insulini, usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kwa siku mbili tatu, chungu kidogo chenye mchanga uliolowa maji, kikiwekwa kivulini, huihifadhi vizuri. Ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji kwanza. Beba pia glukosi au peremende, maana boti ikichelewa, chakula nacho huchelewa.

Wenye presha, pumu, kifafa, au wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi. Hesabu siku za safari, kisha ongeza dawa za siku tatu. Ziwa likichafuka hutarudi Jumapili. Weka dawa kwenye mkoba unaobeba mkononi, na beba mpulizo wa pumu hata kama hujabanwa tangu mwaka jana.

Mama wajawazito. Malaria kwa mama mja mzito ni hatari kwake na kwa mtoto aliye tumboni. Kama unaweza kuahirisha safari, ahirisha. Kama huwezi, zungumza na kliniki yako kuhusu kinga.

MALARIA: MTU WA NAIROBI NI MGENI

Watu wengi huniambia, "Daktari, mimi nilizaliwa Mayoni, malaria hainitishi." Hili ni kosa. Kinga ambayo mtu huipata kwa kuumwa na mbu tangu utotoni hupungua akikaa miaka mingi mahali pasipo malaria nyingi. Na watoto wake waliozaliwa mjini hawana kabisa. Mbele ya mbu wa ziwani, mtoto wa Nairobi ni sawa na mtoto wa London.

Eneo la ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye malaria nyingi zaidi nchini. Hata hivyo, kuna habari njema. Rusinga yenyewe ilikuwa uwanja wa utafiti mkubwa uliofanywa kati ya 2012 na 2015, ambapo nyumba za kisiwa zilipewa mitego ya mbu inayotumia umeme wa jua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2016 yalionyesha kwamba pale mitego ilipowekwa, malaria ilikuwa chini kwa karibu asilimia 30. Chanjo ya malaria kwa watoto wadogo nayo ilianza kutolewa nchini mwezi Septemba 2019, kuanzia Homa Bay, na Kakamega ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza. Lakini mitego na chanjo hupunguza tu. Haviondoi haja ya kujikinga.

Fanya hivi. Uliza nyumba ya wageni kama wana chandarua kilichotiwa dawa, na ukifika kikague kama kina matundu. Ukiwa na shaka, beba chako; hakizidi uzito wa shati. Jua likizama, vaa mikono mirefu na suruali ndefu, na ujipake dawa ya kufukuza mbu. Watu hupenda kukaa ufukweni mpaka usiku wa manane wakila samaki, na mbu nao hula.

Kuhusu tembe za kinga, zipo, lakini si kila mtu anafaa kupewa kila aina. Nyingine huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelea siku saba baada ya kurudi. Daktari ndiye atakayekuchagulia. Usinunue klorokwini kwa mazoea ya zamani. Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka wa 1998 kwa sababu viini vilikuwa vimeizoea.

KUVUKA MAJI

Hapa nitakiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kisiwani na mke wangu na binti yetu, wakati huo akiwa na miaka saba. Tulifika ufukweni tumechelewa, na boti ilikuwa tayari kuondoka. Nilihesabu abiria: tulikuwa zaidi ya ishirini. Jaketi za kuokoa maisha zilikuwa sita, zimerundikwa chini ya magunia. Nilijua si sawa. Lakini watu walikuwa wananitazama, nikaona haya kushuka, nikanyamaza.

Katikati ya safari upepo ulianza. Maji yaliingia ndani ya boti, watu wakaanza kuyachota kwa mikebe ya rangi. Binti yangu alinishika shingo mpaka tulipofika. Hakuna aliyeumia. Tulipokanyaga mchanga, mke wangu aliniambia kwa sauti ya chini, "Baba watoto, wale wagonjwa unaowakemea kila siku, leo umewazidi nini?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Ziwa hili si la mzaha. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, kikiwa kimebeba watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 wakafa. Wengi waliokufa walikuwa wakiona nchi kavu kwa macho.

Kwa hivyo, msomaji wangu, shika masharti haya. Vuka asubuhi, kwa maana mara nyingi upepo wa ziwa huzidi kuanzia mchana. Usivuke usiku. Vaa jaketi kabla boti haijaondoka, na uifunge kamba zote. Jaketi uliyoikalia haitakuokoa. Mtoto avae ya kimo chake, kwa sababu ya mtu mzima humteleza kichwani. Boti ikijaa, shuka. Waache wakucheke. Nauli uliyopoteza utaitafuta tena.

Mtu akitolewa majini hapumui, usimning'inize kichwa chini wala usimkande tumbo ili atapike maji. Mlaze chali juu ya kitu kigumu, inua kidevu, mzibe pua na umpulizie pumzi mdomoni mara tano. Asipojibu, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka mara 30, kisha pumzi mbili, na uendelee hivyo mpaka msaada ufike. Hata akizinduka na kusema yu mzima, apelekwe hospitali, kwani mapafu yanaweza kuharibika saa chache baadaye.

KUOGA ZIWANI

Maji yakionekana safi, kila mtu hutaka kuingia. Kuna mambo matatu ya kufahamu.

La kwanza ni viboko na mamba. Waulize wenyeji mahali pa kuogea, na wakisema hapafai, usibishane. Kiboko hutoka majini jioni kwenda malishoni. Usisimame kati yake na ziwa.

La pili ni mtoto. Mtoto mdogo huzama kimya, hapigi kelele. Awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, na awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kumtazama tu, bila simu wala chupa mkononi.

La tatu ni kichocho. Ugonjwa huu huletwa na minyoo inayokulia ndani ya konokono wadogo wa majini, hasa penye majani na maji yaliyotulia karibu na ufuko. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono, zaidi wakati wa jua la mchana, na kupenya ngozi ya binadamu bila hata kuacha jeraha. Aina iliyoenea ziwani hushambulia matumbo na ini. Kujikausha haraka kwa taulo kunaweza kusaidia kidogo, lakini usikutegemee. Njia ya hakika ni kutoingia.

Maji ya kuoga yaliyotekwa ziwani yakikaa kwenye tangi lisilo na konokono kwa siku mbili, vijidudu hivyo hufa. Kwa hivyo uliza nyumba ya wageni maji ya bafu yanatoka wapi na yamekaa muda gani. Kama hawajui, omba uchemshiwe ya kuoga.

Ukishaingia ziwani, usikimbilie duka la dawa kumeza dawa ya kichocho kesho yake. Dawa yenyewe, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa, na wakati huo bado haijakomaa. Subiri wiki sita hadi nane, kisha upimwe. Lakini ukipata homa, vipele vya kuwasha, kikohozi au kuhara wiki chache baada ya kurudi, mwone daktari mara moja na umwambie uliogelea ziwani. Asipoambiwa, hataweza kubahatisha.

CHAKULA NA MAJI

Furaha kubwa ya kisiwani ni samaki. Ngege wa kukaanga, mbuta wa kupaka, omena kutoka juani: vyote ni chakula bora. Kula samaki aliyeiva vizuri na anayetoka jikoni akiwa moto. Matunda menya mwenyewe.

Maji ya kunywa yawe yamechemshwa mpaka yakatokota, au yametiwa dawa ya klorini, au ya chupa iliyofungwa. Usinywe maji ya ziwa hata kama wenyeji wanayanywa. Kipindupindu huzuka mara kwa mara pande za ziwa. Ukianza kuhara, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, unywe kidogo kidogo. Afadhali zaidi, beba pakiti za chumvi ya kuhara kutoka duka la dawa. Kuhara maji matupu mfululizo, au kuhara damu, ni kwenda hospitali bila kungoja.

Na mwiba wa samaki ukikwama kooni, usimeze tonge kubwa la ugali kuusukuma, kama tulivyofundishwa nyumbani. Nimeona mwiba uliokuwa juu, ambao ungetolewa kwa koleo kwa dakika moja, ukisukumwa chini mpaka ukahitaji upasuaji. Kama hautoki kwa kukohoa, nenda hospitali.

JUA, NYOKA NA MAPENZI

Ziwa liko karibu mita 1,130 juu ya bahari, na liko kwenye Ikweta. Upepo wake baridi hukudanganya kwamba jua si kali. Vaa kofia, na watoto wavae fulana wakicheza majini. Watu wenye ulemavu wa ngozi wajifunike na kukaa kivulini kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni.

Ukipanda milima ya Mfangano, vaa viatu vilivyofunika mguu na usitie mkono kwenye mashimo ya mawe. Mtu akiumwa na nyoka, usimchanje, usimfunge kamba, usimnyonye sumu. Mtulize, mfunge mguu au mkono huo kwenye kijiti usisogee, umbebe hadi hospitali.

La mwisho nalisema bila kuficha. Kaunti ya Homa Bay ni miongoni mwa zilizo na maambukizi mengi zaidi ya virusi vya ukimwi nchini, na wageni wa wikendi hawako nje ya hesabu hiyo, wawe ndio wanaoambukizwa au wanaoambukiza. Beba mipira ya kondomu. Likitokea la kutokea, kuna dawa za kuzuia maambukizi, ambazo ni lazima zianzwe ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28. Zinapatikana hospitali za serikali. Usione haya.

BAADA YA KURUDI

Safari haiishi siku ya kufua nguo. Malaria ya hatari kawaida huonekana kuanzia siku ya saba baada ya kuumwa na mbu hadi mwezi mmoja, na wakati mwingine zaidi. Homa yoyote ndani ya muda huo ni malaria mpaka kipimo kikatae. Usimeze mabaki ya tembe za mtu mwingine. Ukipewa dawa ya mseto, maliza zote kwa siku tatu, na uzinywe baada ya chakula au maziwa ili zifyonzwe vizuri mwilini.

Mwezi uliopita yule mama wa Nairobi alinipigia simu. "Daktari, watoto wanataka kurudi Rusinga," akasema. "Nimeandika orodha. Nikusomee?" Akaanza: vyandarua vinne, dawa ya mbu, pakiti za chumvi ya kuhara, dawa za nyanya za siku tano, na siku ya kuja kupimwa. Nilimwongezea jambo moja tu: jaketi ya mtoto, aijaribu kabla ya kuondoka nyumbani.

Nawe keti leo uandike yako. Safari njema.